Vyote Havitumiki

6 Novemba

Shemeji,

Salamu za kupamba sina. Mimi mzima. Barua hii anakuletea Domo, dereva wa lori letu la tofali. Kila wiki anapita kwenu, ukitaka kujibu mpe yeye. Simu usipige. Ilikuwa ya dada yako, nimeizima na itabaki imezimwa.

Jana alikuja mtu wa kazini kwenu. Nimeijua fulana. Ndiyo kwanza natoka kufyatua tofali, saruji mpaka kwenye kope, namkuta binti kakaa kwenye ngazi yangu na karatasi zake mapajani. Anasema wanapima watu wanavyofikiri na nyumba yangu imechaguliwa. Nikamuuliza imechaguliwa na nani. Akasema na kompyuta.

Shemeji, mimi sijasoma lakini si mtoto. Tulipomzika dada yako ulimchukua mwanangu Kijiti, ukasema utakaa naye mpaka baba yake akae sawa. Sikubisha. Nilikuwa siongei, mtoto anashinda kwa jirani. Sasa unatuma mtu aje kupima kama nimekaa sawa. Ungekuja mwenyewe. Mlango unaujua.

Aliuliza vitu viwili viwili vinafanana vipi, nikajibu. Halafu akasoma methali. Mficha maradhi kifo humuumbua. Eti ina maana gani. Nikamwangalia. Nikamwambia kamuulize huyo aliyekutuma, aliyeficha ni dada yake. Akaandika na hilo.

Niambie nimepata ngapi. Na mwanangu anarudi lini. Shule zikifunguliwa Januari nataka aanzie hapa.

Ni mimi,
shemeji yako


13 Novemba

Shemeji yangu,

Hujambo, na pole kwa kazi. Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma tena.

Sikumtuma mtu. Nakuapia kwa kaburi la dada. Mimi siendi majumbani kwa watu. Niko kwenye chumba cha ghorofani, tumekaa safu kama darasani, madirisha hayafunguki, na majibu yanatufikia yakiwa na namba badala ya majina. Kazi yangu ni kuyasoma na kuyapa maksi. Sifuri, moja au mbili. Basi. Kila nyumba inaulizwa maswali yaleyale, na hiyo methali ilikuwemo kabla hata dada hajaanza kuumwa. Wala si wewe wa kwanza kukasirika. Kuna mzee aliulizwa mbwa na simba wanafanana vipi, akajibu wote hawana adabu. Ilikuwa sifuri, lakini safu nzima tulicheka.

Utaratibu wenyewe ni huu. Ukitaja kundi ambalo vitu vyote viwili vimo, unapata mbili. Kitanda na meza ni samani, hiyo ni mbili. Ukisema vina miguu, au ni vya mbao, moja. Ukitaja vinavyotofautiana, sifuri. Ukieleza mambo yako mwenyewe, sifuri. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowasumbua wageni kazini, kwa sababu watu wengi ukiwauliza kuhusu kitanda wanakueleza kitanda chao.

Maksi zako hazitafutiwi jina. Zinachanganywa na za watu wengine maelfu, ionekane watu kwa ujumla wanafikirije. Hazimhusu Kijiti kabisa.

Kijiti mzima. Jino la mbele limeng'oka, sasa akicheka anaziba mdomo kwa kiganja kama mama yake. Habari ya kurudi tutaizungumza, usiwe na haraka.

Ulijibu nini lakini?

Shemeji yako,
mama mdogo wa Kijiti


20 Novemba

Shemeji,

Kama hukumtuma, sawa. Nimekuelewa. Domo anasema kama ni kupimwa akili wangekwenda kwake, yeye anayo ya kugawa.

Majibu yangu haya.

Kitanda na meza. Nilisema vyote havitumiki.

Macho na masikio. Nilisema macho yanafungwa, masikio hayafungwi.

Ndizi na chungwa. Nilisema ndivyo alivyokula mwishoni, kingine hakikupita.

Nyundo na msumeno. Nilisema kaazima jirani hajarudisha.

Kila nikijibu yule binti anasema nieleze zaidi. Nikamwambia hamna zaidi. Akasema tena nieleze zaidi. Nikamuuliza, mama, wewe kwenu hamjibiwi mkaridhika? Akainama akaandika. Sijui kaandika nini.

Nipe maksi. Usinipambie. Kama ni sifuri sema sifuri.

Na jino kaliweka wapi? Mama yake alimwambia atamwekea kwenye kopo la vifungo. Kopo lipo. Mwambie alitunze alilete.

Mimi


27 Novemba

Shemeji,

Umesema nisikupambie. Sifuri zote.

Nikueleze kitu ambacho sikupaswa kukueleza. Karatasi yako ilikuwa imeshanifikia mezani kabla Domo hajaleta barua yenye majibu yako. Haina jina. Nilifika kwenye masikio hayafungwi, nikaweka kalamu chini. Hamna mtu mwingine anayeongea hivyo. Kanuni inasema ukimjua mwenye majibu unampa mwenzako, nikampa mwenzangu wa kushoto. Akasoma nyundo na msumeno, akatabasamu, akaandika sifuri. Nikamwona anaandika na nyingine, na nyingine. Hakukosea. Hata mimi ningeandika hivyohivyo.

Kisha ikaenda kwa mtu wa pili, wa chumba kingine. Kwetu kila jibu linapimwa na wawili, na hakuna anayeona cha mwenzake. Wakilingana, limepita. Wakitofautiana, msimamizi anakuwa wa tatu na lake ndilo la mwisho. Lako wamelingana.

Nimekaa kazini miaka mingi na sijawahi kurudi nyumbani na jibu la mtu kichwani. Hili nimerudi nalo. Sasa nakuuliza mimi, si karatasi. Kitanda hakitumiki kwa nini? Unalala wapi, shemeji?

Jino kalifunga kwenye kitambaa. Halitoi mkononi.

Shemeji yako


4 Desemba

Shemeji,

Nalala kwenye mkeka, mlangoni.

Kitanda nilikitoa nje siku tuliyotoka kuzika. Kimeegemea ukuta wa nyuma, kimefunikwa bati. Ndicho alichokatia roho, unakijua. Mkeka ungekaa chumbani, lakini nikilala kule namsikia anaomba maji. Najua hayupo. Macho nafunga. Masikio ndiyo hayo niliyomwambia yule binti. Mlangoni pana kelele za watu wanapita, pikipiki, mbwa. Napata usingizi.

Meza iko palepale. Juu yake dawa zake na kikombe. Sijagusa. Nakula nimekaa kwenye ndoo.

Jirani, yule fundi cherehani, alisema nitoe vile vitu atanisaidia kufuta meza. Nikamwambia kwanza arudishe nyundo.

Kazi naenda. Mashine inapiga, mimi naweka mchanga. Msimamizi anasema siku hizi nimekauka. Nikamwambia nje tu.

Umeuliza, nimekujibu. Mtoto anakuja lini?

Mimi


11 Desemba

Shemeji yangu,

Usinichukie kwa haya. Mtoto wa miaka saba atakuja alale wapi? Mlangoni na wewe, watu wanapita? Atakula akiwa amekaa kwenye ndoo, aangalie dawa za mama yake? Wewe mtu mzima unasikia sauti kule chumbani. Yeye je?

Simnyimi baba yake. Nasema subiri. Mwaka uishe, uingie mwingine, uirudishe nyumba iwe nyumba. Hapa ana kitanda chake, ana taa yake, jioni tunacheza mchezo wa kazini kwangu, namtajia vitu viwili anasema vinafanana vipi. Anajibu vizuri kuliko wengi ninaowasoma. Nilimuuliza kijiko na sufuria, akasema vyombo. Mbili.

Dada angekuwepo angeniunga mkono. Vumilia.

Mama mdogo wa Kijiti


18 Desemba

Shemeji,

Domo kamwona Kijiti. Aliposhusha tofali mtaani kwenu alimwona anapita na wewe. Anasema kavaa sare ya shule, mpya. Sketi ya bluu, soksi zimevutwa mpaka magotini. Anasema kapendeza. Domo hajui kusema uongo, anajua kuongeza tu.

Barua zako tatu hazina sare.

Nakuuliza jambo moja. Sare uliinunua baada ya kujua nalala mlangoni, au kabla?

Mimi


25 Desemba

Shemeji,

Kabla.

Niliinunua Oktoba, kabla ya yule binti kuja kwako, kabla ya karatasi, kabla ya kitanda. Nimemwandikisha shule ya hapa jirani. Siku Domo alipotuona tulikuwa tunatoka kumpima viatu.

Nilijua utauliza lini anarudi, nikawa natafuta la kukujibu. Ulipoandika mambo ya mkeka nilishika hilo. Ukweli ni kwamba sifuri yako nilishaiandika kabla hujafungua mdomo.

Naishi peke yangu, unajua. Nashinda nasoma watu nisiowajua, zamani nikirudi nilikuwa nasikia friji tu. Sasa nikiweka ufunguo mlangoni kuna mtu ndani anasema nani huyo, na sauti ni ya dada alipokuwa mdogo. Sina dada mwingine. Sikupanga kumwiba. Nilikuwa tu sitaki kutaja tarehe.

Sijui nikuandikie nini zaidi. Yule binti angesema nieleze zaidi. Hamna.

Shemeji yako


1 Januari

Shemeji,

Nimesoma. Sikukasirika. Nilitaka nikasirike nikakuta hamna kitu. Nimekaa kwenye ndoo mpaka chai ikapoa.

Na mimi sina dada yako mwingine. Tuko sawa hapo.

Sasa sikiliza. Umesema kwenu kila jibu linapimwa na wawili na hakuna anayeona cha mwenzake. Mimi nimepimwa na mmoja. Nataka wa pili.

Wa pili awe Kijiti. Mlete Jumamosi kabla shule hazijafunguliwa. Usimwambie la kusema, na mimi sitamwambia. Usimwambie kama anapima. Akae aone. Mkilingana, abaki na wewe, sare ipo, mimi nitakuwa nakuja kumwona na Domo. Mkitofautiana hatutafuti wa tatu. Tunafuata lake.

Kitanda nitakirudisha ndani. Si kwa ajili yako. Mtoto asikose pa kulala, hapo umesema kweli.

Meza sijui. Nitajaribu.

Mimi


14 Januari

Shemeji,

Nimefika salama. Nisamehe niliondoka bila kuaga vizuri, basi lilikuwa linapiga honi.

Naandika nilivyoona, kwa sababu nimezoea kupima kilichoandikwa na si ninachojua.

Ulikuwa umenyoa. Shati lilikuwa na mkunjo wa pasi mahali pasipotakiwa. Kitanda kilikuwa chumbani, shuka nyeupe imenyooshwa kama ya hospitali, na nilipokiona nikashika mlango. Wewe ulisimama ukumbini, hukuingia. Ulisema, "Ndiyo hicho." Meza ulikuwa umeifunika kitambaa, dawa zikiwa chini yake bado, zimeinuka kama vilima. Hukujaribu kuficha, na mimi sikuuliza.

Kijiti alikwenda moja kwa moja kwenye kopo la vifungo, akaweka jino, akatikisa asikie. Kisha akakuuliza, "Baba, unanuka tofali bado?" Ukasema, "Nusa." Akanusa mkono wako, akasema, "Ee, bado." Hayo ndiyo mazungumzo yenu yote mpaka chakula.

Tulikula tumekaa sakafuni, sisi watatu, hamna aliyesema kwa nini. Alipomaliza akaanza kusinzia. Nikamwambia nenda kitandani, mama, kuna shuka safi. Akaingia chumbani. Nikajisemea, ameshanipa jibu langu. Akatoka na mto. Akapita mbele yangu, akapita mbele yako, akaenda mlangoni, akaulaza mto kwenye mkeka wako, kwenye kona yako, akalala na viatu.

Mtaa mzima ulikuwa unapita pale. Mtu akaburuta toroli mpaka kikombe changu kikatetemeka. Hakufumbua jicho. Kwangu akilala ananiomba nisizime taa.

Wewe ulikaa kizingitini, ukanyoosha miguu asiangukie nje. Hukuniangalia kuona nimeona. Hilo ndilo lililonimaliza.

Tumetofautiana. Tunafuata lake. Sare nampa Domo, uliza kama shule ya huko wanavaa bluu. Soksi anakataa kuzivuta, usimlazimishe.

Kazini wamenipa karatasi mpya leo. Kitanda na meza, mtu kajibu, sijui, sijakaa nyumbani siku nyingi. Nikaandika sifuri nikaendelea.

Mama mdogo wa Kijiti


29 Januari

Shemeji,

Sare imefika. Hapa wanavaa kijani. Fundi cherehani anaigeuza sketi kuwa begi la madaftari, ndiyo malipo ya nyundo. Nyundo karudisha. Msumeno anasema haukuwa wangu.

Mtoto mzima. Anakula. Anaongea kuliko Domo. Usiku wa kwanza niliamka kuangalia kama anapumua. Anapumua.

Juzi kaniuliza kwa nini kitanda kikae chumbani peke yake kama mgonjwa. Nikamwambia chumbani silali. Akasema basi kije huku. Nikamwambia mlangoni hakienei, kitaziba njia. Akasema tutapanda.

Tumekivuta, yeye anasukuma, mimi navuta. Mguu mmoja uliingia kwenye ufa wa sakafu, nikaweka kipande cha tofali chini. Sasa kimeziba njia. Kuingia unapanda, kutoka unapanda. Jirani kaja kuomba chumvi akakutana na godoro, akauliza tunahama au tunahamia. Kijiti akamwambia vua viatu upite.

Nimelala juu yake. Nilidhani nitashindwa. Sikusikia kitu, toroli tu.

Mtoto anauliza mama mdogo anakuja lini. Nimemwambia nitakuuliza. Taja tarehe. Ukija utapanda kama sisi, kwa hiyo usivae sketi ya kubana.

Lile jibu langu wamelipitisha, najua halibadilishwi. Nakwambia wewe tu.

Kitanda kinatumika. Meza bado.

Mimi,
shemeji yako